Kitabu Chema Hakijiuzi

Waswahili husema chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na mtu aliyekulia sokoni hana sababu ya kuukanusha usemi huo, kwa maana bidhaa njema hujulikana kwa kuonwa, kushikwa na kuonjwa kabla mnunuzi hajatoa fedha yake mfukoni. Walakini kitabu ni bidhaa ya namna ya peke yake. Uzuri wake umefichwa ndani ya kurasa mia mbili ambazo hapana awezaye kuzionja akiwa amesimama mbele ya rafu. Jalada lake laweza kuwa la fahari na yaliyomo yakawa hafifu, au likawa duni na ndani yake mkawa na hazina. Kwa sababu hiyo, tangu zamani za kunakiliwa kwa kalamu ya mwanzi hata zama hizi za simu za mkononi, kitabu kimekuwa kikiwafikia wasomaji wapya kwa njia moja kubwa kuliko zote, nayo ni kinywa cha mtu aliyekisoma akamwambia mwenzake akisome na yeye.

Haja ya kinywa hicho yaonekana dhahiri katika mji kama Mkwajuni. Huu ndio mji wa makao makuu ya Wilaya ya Songwe, wilaya iliyomegwa kutoka Chunya, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya dhahabu: machimbo ya Lupa yalijulikana tangu miaka ya 1920, mgodi wa New Saza ulichimbwa zama za Waingereza, na hata leo wachimbaji wadogo hushuka maduarani ilhali karasha zasaga mawe mchana kutwa. Mahali penye dhahabu hukusanya watu wa kila kabila na kila kazi, na hivyo mwalimu aliyetoka Kagera hupanga chumba ukuta kwa ukuta na mchimbaji aliyetoka Shinyanga, na muuguzi wa Kilimanjaro hununua mboga kwa mama wa Kisafwa. Kila mmoja amekuja na begi lake, na katika mabegi hayo, chini ya nguo na vyeti, aghalabu hamkosekani kitabu kimoja au viwili. Yamkini jumla ya vitabu vilivyomo katika mji mdogo wa namna hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Lakini vimelala kila kimoja chumbani mwake, mwenye nacho hajui jirani yake ana nini, na anayetaka riwaya mpya humwagiza mtu anayekwenda Mbeya kwa barabara ya Mbalizi, asijue kwamba riwaya ile ile i juu ya kabati la jirani, hatua ishirini kutoka mlango wake.

Kitabu kilichopata bahati ya kutembea hujulikana mara moja kwa kutazamwa. Jalada lake la asili limekwisha kung'oka na mahali pake pamewekwa karatasi ya kaki iliyokunjwa kwa ustadi kama vile watoto wa shule wanavyofunika madaftari. Ukurasa wa kwanza una jina la mwenye mali kwa wino wa buluu, na chini yake majina mengine mawili matatu kwa mikono tofauti. Kingo za karatasi zimeshika rangi ya vumbi. Na katikati kumesahauliwa tiketi ya basi ambayo msomaji fulani aliifanya alama ya mahali alipofikia. Mtu mwingine ameandika pembeni kwa penseli neno la kupinga, na wa baada yake akamjibu. Nakala kama hiyo mbele ya mwuza vitabu haina thamani hata ya senti moja, lakini mbele ya mpenzi wa kusoma ina thamani kuliko nakala mpya, madhali imekwisha kutolewa ushahidi na watu wengi.

Tabia hii ya kupeana vitabu haikuletwa na zama hizi. Pwani, kabla ya mitambo ya kupiga chapa kufika, mtu aliyeupenda utenzi alikuwa na njia mbili tu za kuupata, ama kuuhifadhi kichwani ama kuunakili kwa mkono wake au kwa mkono wa katibu aliyemlipa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulitufikia kwa sababu watu waliuona wafaa, wakauazima, wakaunakili na kuupeleka mbele. Mwalimu Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, mshairi na mchonga milango aliyeishi hata miaka ya 1940, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kunakili tungo za wazee kwa hati nzuri ya Kiarabu, na wataalamu wengi wa Kiswahili wana deni kwa kalamu yake. Kadhalika wanazuoni wa mwambao walikuwa na ada ya kuweka vitabu wakfu, maana yake kwamba mwenye kitabu hukitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kisomwe na kila mwenye haja, wala kisiuzwe wala kisirithiwe. Hapo mtu aona ya kuwa wazee wetu walikihesabu kitabu kilichofungiwa kuwa ni mali iliyopotea.

Bara nako jambo hili lilishika mizizi pamoja na magazeti. Mambo Leo lilipoanza kutolewa na Serikali ya Tanganyika mwaka 1923, likichapisha habari, hadithi, barua na mashairi ya wasomaji, nakala moja ilipita mikononi mwa watu wengi, na asiyejua kusoma alisomewa na anayejua. Mwaka 1948 Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki likaanza kazi Nairobi; lilitoa vitabu, likapeleka masanduku ya vitabu vya kuazima vijijini, na pia likafanya mashindano ya waandishi. Katika shindano moja la mwishoni mwa miaka ya 1950 hadithi ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza, ikachapishwa mwaka 1960, na tangu hapo mpelelezi wake Bwana Msa, mvuta kiko, na rafiki yake Najum wakawa wageni wa kila nyumba yenye msomaji. Ni haki kuuliza ni matangazo gani yaliyomfikisha Bwana Msa mpaka vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa; na jawabu ni kwamba mwalimu alimsoma chuoni, akamchukua kwenye sanduku lake alipopangiwa shule, akamwazima mwenzake.

Baada ya Uhuru taifa lilijaribu kuifanya kazi hii kwa taratibu za serikali. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa msomaji hodari na mfasiri wa Shakespeare, alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Katika mwaka huo huo watu wazima wapatao theluthi mbili walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Ikapigwa kampeni ya kisomo kwa nguvu za nchi nzima, hata ilipofika mwaka 1986 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba wasiojua wamepungua kuwa chini ya kumi katika kila mia. Hiyo ni fahari isiyofichika. Lakini kumfundisha mtu kusoma ni jambo moja, na kumpa kitu cha kusoma mwaka hata mwaka ni jambo jingine, na wengi walioshinda mtihani wa kisomo walirudi nyuma kwa kukosa cha kushika mkononi baada ya kitabu cha darasani kwisha.

Ila hiyo ingali nasi kwa sura nyingine. Mwulize Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne riwaya aipendayo, na mara nyingi atakutajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie au Joka la Mdimu, na ukimwuliza tamthilia atataja Orodha, Kilio Chetu au ile ya Ngoswe. Vitabu hivyo ni vizuri, na aliyeviweka katika muhtasari wa shule hakukosea. Lakini huyo unayemwuliza hakuvichagua, alipangiwa, akavisoma huku akiwindwa na maswali ya fani na maudhui, na siku alipoweka kalamu chini katika chumba cha mtihani, mtu wa mwisho wa kumwambia asome nini alikuwa amekwisha kuondoka maishani mwake. Tangu siku hiyo yu peke yake. Asipopata rafiki wa kushika nafasi ya mwalimu, atapita umri wake wote akitaja vitabu vile vile vya ujana wake, na atadhani kwamba hakuna vingine.

Ndiyo maana swali lenye manufaa zaidi kati ya wapenzi wa vitabu si lile la kuulizana kitabu bora ni kipi, bali ni lile la kuulizana unasoma nini sasa. Swali la kwanza humfanya mtu avae kilemba cha heshima akataja jina kubwa, pengine ambalo hakulisoma tangu alipokuwa shuleni. Swali la pili humkuta njiani. Aliye katikati ya kitabu hana hukumu iliyokomaa, lakini ana jambo bora kuliko hukumu: ana shauku, ana mashaka, ana mhusika anayemchukia na hajajua mwisho wake, na hayo yote huonekana usoni mwake asemapo. Msikilizaji huambukizwa. Zaidi ya hayo jawabu lake ni la kweli, kwa kuwa kitabu chenyewe ki karibu, kimewekwa juu ya kitanda au ndani ya mkoba, na siku atakapokimaliza waweza kukipokea kikiwa kingali na joto la mkono wake.

Hata hivyo kupendekeza kitabu ni amana, na amana ina adabu zake. Adabu iliyo kuu ni kumjua unayempendekezea kabla ya kulitaja jina la kitabu, kwa maana kosa la wapendekezaji wengi ni kusifu walichokipenda wao, wasitazame anayependekezewa ni nani na yu katika hali gani. Mchimbaji anayegawana mawe na mwenye duara kwa hesabu asiyoielewa vizuri atashikwa na Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, kwa kuwa ni habari za kijana Rashidi na makuli wenzake wa bandari ya Unguja, jasho lao, ujira wao na mgomo wao katika zama za Waingereza; hahitaji kufafanuliwa, ataisoma kama barua iliyoandikwa kwa jina lake. Mtumishi wa ofisi aliyechoka na makaratasi, anayewaza kila jioni kuacha kazi akalime, mpe Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, ambamo mtu wa mjini anaacha kazi yake na kushika jembe shambani. Mzazi mkali anayedhani kwamba binti hulindwa kwa fimbo, mwambie aisome Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, wala usimwambie kwa nini. Na kijana asemaye kwamba kusoma kwachosha, usianze naye kwa Nagona wala Mzingile, vitabu viwili vya Kezilahabi huyo huyo ambavyo hata wahakiki waliobobea huvisoma kwa kurudia. Mwanzishie Bwana Msa, au Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ambayo tangu mwaka 1965 imewanyima wengi usingizi.

Adabu nyingine ni kunyamaza mahali pa kunyamaza. Wako watu ambao kwa wingi wa mapenzi husimulia kitabu chote toka bismillahi hata mwisho, wakamtaja muuaji, wakamtaja aliyeoa na aliyekufa, kisha wakashangaa kwamba msikilizaji hakukisoma. Mpendekezaji mwenye busara husema mambo matatu na kuacha: kitabu ni cha namna gani, kinamfaa mtu gani, na mahali gani kilimgusa au kilimkera. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa mfano, yatosha kusema kwamba mtu aitwaye Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme na waziri Majivuno, na kwamba hana wakili ila ulimi wake na visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu. Mwenye akili akisikia hayo hatalala kabla hajajua kama aliachiwa au alihukumiwa. Na insafu yataka ila nayo isemwe. Kitabu kama kina mwanzo mzito, mwambie mwenzako avumilie kurasa thelathini. Kama kina maneno ya pwani yasiyozoeleka bara, mwambie awe na kamusi karibu. Sifa isiyo na kasoro hata moja humtia msikilizaji shaka, naye ana haki ya kushuku.

Yabaki suala la kuazima, ambalo limevunja urafiki mwingi kuliko siasa. Mwenye vitabu hulalamika kwamba havirudi, na kwa sababu hiyo huvifungia. Na asiye navyo hulalamika kwamba wenye navyo ni wachoyo. Wote wawili wana hoja, na dawa yao ni moja, nayo ni daftari. Daftari la kawaida la kurasa arobaini, lililopigwa safu nne, ya jina la kitabu, ya aliyekichukua, ya tarehe aliyokichukua na ya tarehe aliyokirudisha, limetosha kuendesha maktaba za shule nyingi katika nchi hii, na litatosha kwa mtu mwenye vitabu kumi chumbani mwake. Kuandika jina la rafiki si kumdhania wizi. Ni kumsaidia kukumbuka, hasa katika miji ya watumishi na wachimbaji ambako barua ya uhamisho au habari za mwamba mpya wenye dhahabu huweza kumwondoa mtu alfajiri, na kitabu cha watu kimo ndani ya begi lake.

Wanaotaka kupiga hatua zaidi wana mfano mzuri katika mchezo wa upatu, ambao kila mama wa soko la Mkwajuni aujua. Watu wanane wakikubaliana kila mmoja anunue kitabu kimoja tu, kisha vitabu vizunguke kila mwezi kwa zamu, kila mtu atakuwa amesoma vitabu vinane kwa bei ya kimoja, na mwisho wa mzunguko kila kitabu kitarudi kwa mwenyewe. Jambo hili si ndoto. Mwaka 1731, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na rafiki zake, wengi wao mafundi na wafanyabiashara wadogo wasio na mali nyingi, walichanga fedha wakanunua vitabu vya shirika, na maktaba yao ingalipo hata leo. Karibu nasi, Kenya tangu mwaka 1996 imekuwa ikiwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa juu ya migongo ya ngamia, kwa kuwa gari halifiki. Ikiwa ngamia amebeba vitabu jangwani, bodaboda ya Mkwajuni haina udhuru.

Hapa pana onyo ambalo mpenzi wa kweli wa vitabu hatalipuuza. Kumwazima mwenzako nakala uliyoinunua ni ihsani. Kuipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuitawanya kwa simu kwa watu mia mbili ni kumnyang'anya mwandishi chakula chake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inakataza. Wachapishaji wa riwaya za Kiswahili hawachapishi nakala nyingi, na faida yao ni akali. Kitabu kikisambazwa bure siku ya pili baada ya kutoka, mwandishi hapati sababu ya kuandika cha pili. Anayekipenda kitabu na amhimize mwenzake akinunue akiweza, na amwazime asipoweza.

Faida ya maneno ya wasomaji imedhihirika hata katika zama hizi. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, nchi nzima ililitamka jina lake, lakini waliosoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake walikuwa wachache, kwa kuwa ameandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata Dakta Ida Hadjivayanis akatutolea Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake ya mwaka 1994, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Tuzo ya Nobel ilitufahamisha kwamba yuko mwandishi. Lakini ili mwalimu wa kijijini Galula au dereva wa lori anayesubiri foleni ya mpaka wa Tunduma aifungue Peponi, yahitaji mtu aliyeisoma amwambie kwa lugha yao ya kila siku kwamba ni habari za kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, akasafiri na msafara wa tajiri mpaka bara ya ndani, nchi zisizo mbali sana na hizi zetu. Kamati za ughaibuni haziwezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yetu.

Basi, msomaji mwema, usingoje maktaba ijengwe wala duka lifunguliwe. Wiki hii mwulize mwenzako kazini, msikitini, kanisani au kwenye kituo cha bodaboda anasoma nini, naye akikuuliza mjibu kwa ukweli, hata kama kitabu chenyewe ni cha upelelezi kisicho na jalada. Akitamani, mwandike katika daftari na umpe. Na ikiwa chumbani mwako kimo kitabu cha mtu mwingine ambacho umekaa nacho tangu mwaka jana, kabla ya kuazima kingine, kirudishe.